Bomba la Juu

Puti ni ya waongo, nilimwambia Egesa.
Utaipaka leo, kesho itakauka,
Jumamosi barabara ya Masafu itaitikisa
mpaka ipasuke kama kisigino cha kiangazi.
Na rangi ya kung'aa usiitegemee kuficha.
Rangi iliyochakaa ndiyo ina siri;
ile mpya, nyekundu, yenye vanishi,
husimama juani ikasema yote.

Tukaanza kwa kuvua.
Msasa mkavu, kisha msasa wa maji.
Nyeusi ikatoka, chini yake kijani,
chini ya kijani kutu ya rangi ya chai,
halafu chuma chenyewe, kitupu, kikiona haya.

Mabonde matatu.
La bomba la chini dogo, la jiwe tu.
La karibu na kiti halina kina,
tone la shaba na tupa vitalimaliza.
La tatu juu, katikati,
refu kama kidole cha shahada, limelala mshazari.

Nikafumba macho. Macho hudanganywa na mwanga;
bonde husomwa kwa kidole gumba.
Kikashuka, kikapanda,
kikakuta ukingo mkali upande wa kushoto,
kikajua kabla yangu.

Mwaka wa mvua ya mawe, hapa hapa Busia, mpakani,
askari wa kizuizi akibishana na mama wa mayai
aliiachia kamba.
Mlingoti wa chuma ukashuka juu ya chuma,
juu ya baiskeli ya mdogo wangu Mangeni.
Abiria akaruka huku, Mangeni kule,
akainuka anacheka:
"Serikali imenigongea muhuri!"
Tuliishi na muhuri huo miaka minne.
Kisha asubuhi moja, ukutani,
alama ya tairi
na mnyororo uliokatwa.

"Uliipata wapi hii?"
"Tororo sokoni, kwa muuza vyuma."
Egesa akanitolea risiti, hata sikuiomba,
imekunjwa mara nane, wino umefia mikunjoni.
Ana miaka ishirini hivi. Shati la mitumba,
kola imegeuzwa na kushonwa upya, kazi safi.

Niliigeuza fremu juu chini.
Namba chini ya kanyagio imesagwa.
Basi shahidi amebaki mmoja,
naye yuko mikononi mwangu,
na nimeshapokea nusu ya malipo nimfute.

Nina gogo la mvule, nimelitoboa
tundu la upana wa bomba, sawasawa,
nikalipasua kati likawa mataya mawili.
Nikapaka sabuni ya mche ndani,
nikayafumbisha juu ya bonde,
nikayabana kwa jiliwa, robo mzunguko tu,
maana chuma ukikiharakisha kinakunja uso upande wa pili.
Kisha kuzungusha. Huku. Kule.
Sabuni ikanuka kama nguo za mama.
Robo nyingine.
Egesa alishika gurudumu la nyuma
kana kwamba linaumwa.

Adhana ya alasiri ikanikuta bado nazungusha.
Mara ya mwisho mataya yalipita
bila kukwama.

"Pitisha kidole," nikamwambia.
Akapitisha, akarudia. "Halipo."
"Halipo."
Nilimtoza bei kamili, na ya sabuni juu.

Usiku nikapiga simu Jinja.
Mangeni hupakia sukari siku hizi,
simu yake hupokelewa na mwanamke nisiyemjua.
Ameoga, alisema, nimwambie nini?
Nikauliza kama mvua imenyesha kwao.

Jumanne rangi ya msingi, ya kijivu.
Niliitazama kutoka mlangoni, kisha kwa kuinama,
kisha nikaiwashia tochi ubavuni
kama mtu anayetafuta sindano.
Bomba limenyooka.
Ila kidole gumba kikifika pale katikati
bado hupunguza mwendo.